Nafasi Zilizoachwa Wazi: Chuma cha Ufipa, Heliamu ya Rukwa na Mpangilio wa Elementi

Utangulizi

Nchi ya Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa zina elementi mbili ambazo historia yake inamfaa mwalimu wa kemia, na kwa maoni yetu inamfaa vilevile mwalimu wa teolojia. Ya kwanza ni chuma. Juu ya uwanda wa Ufipa, katika mashamba na kando ya vichuguu, yamesalia magofu ya matanuru ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma kwa vizazi vingi. Ya pili ni heliamu, gesi isiyoonekana wala kunusika, ambayo hutoka ardhini pamoja na maji ya chemchemi za moto huko chini bondeni. Katika Jedwali Radidia la elementi, chuma hushika nafasi ya 26 na heliamu nafasi ya 2.

Wengi wetu tulilikuta Jedwali hilo shuleni, likiwa limebandikwa ukutani, nasi tukalikariri kwa ajili ya mtihani. Tulipoingia katika masomo ya teolojia tuliliacha huko huko ukutani. Katika makala haya tunakusudia kulirudia, tukieleza kwa ufupi jinsi elementi zilivyopata kupangwa, na kwa nini chuma na heliamu zimewekwa zilipo. Baada ya hapo tutauliza swali linalomhusu mchungaji moja kwa moja: je, mwanadamu afanye nini na nafasi asiyojua kitu cha kuiwekea? Katika historia ya Jedwali swali hili ndilo lililoamua mambo. Katika sharika zetu, na hasa katika sehemu kama Sumbawanga, swali hilo hilo limegharimu uhai wa watu.

Matanuru ya Ufipa

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Katika nchi hiyo ya juu Wafipa walijenga matanuru waliyoyaita malungu, na moja likiitwa ilungu. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1995 kwamba sehemu hizo zilikuwa na aina zaidi ya moja za ufuaji chuma, nazo hujulikana kwa majina ya katukutu, malungu na barongo. Malungu ndiyo yaliyoitambulisha Ufipa.

Ilungu lilikuwa mnara wa udongo wenye urefu wa mita 3 hivi, mpana chini na mwembamba juu, wenye matundu kwenye kitako. Ndani yake wafuaji walipanga makaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba tanuru hilo halikuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipopanda na kutokea juu, hewa mpya ilivutwa kupitia mirija ya udongo kule chini, na hivyo moto ulijipuliza wenyewe. Kilichopatikana kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma. Kwa hiyo kilichukuliwa na kutiwa katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, ambamo mivukuto ilitumika, na chuma kikasafishwa. Ndipo mhunzi alipokifua kuwa jembe, shoka au mkuki.

Mwanakemia wa leo hueleza kazi hiyo kwa maneno machache. Katika jiwe la chuma, chuma na oksijeni vimeshikamana. Makaa ni kaboni, na kaboni inapoungua katika hewa haba hutoa gesi ambayo hunyang'anya jiwe oksijeni yake na kuacha chuma. Mchanga uliomo katika jiwe huyeyuka ukawa mavi ya chuma na kutiririka. Wafuaji wa Ufipa hawakuwa na neno la oksijeni wala la kaboni. Hata hivyo walijua ni jiwe lipi litoe chuma na lipi lisitoe, ni mti upi ufae kwa makaa, na ni udongo upi ustahimili moto. Huo ulikuwa ujuzi wa kweli, uliopatikana kwa kujaribu na kukumbuka, na si haki kuudharau kwa sababu haukuandikwa.

Pamoja na ujuzi huo palikuwa na upande mwingine. Bingwa wa tanuru alikuwa na kikapu cha dawa. Tanuru lilipambwa kama bibi arusi, na wafanyakazi walitakiwa kujitenga na wake zao muda wote wa kazi. Tuelewe sababu yake. Kazi ya wiki nyingi, yaani kuchimba, kuchoma makaa, kubeba na kujenga, iliweza kuharibika katika siku chache za moto bila sababu kuonekana. Huenda jiwe lilikuwa na chuma kidogo, au makaa yalikuwa na unyevu, au upepo uligeuka. Mfuaji hakuwa na njia ya kupima hayo. Basi mahali pale ambapo ujuzi wake ulikoma paliwekwa mwiko uliovunjwa, au jirani mwenye nia mbaya.

Wamisionari wa kwanza waliliona jambo hilo. Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko kazi yao ikaenea Ufipa. Mwaka 1914 mmoja wao, Padre Wyckaert, alichapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu wahunzi wa Tanganyika, na katika kichwa chake aliwagawa wahunzi hao mafungu mawili, wapagani na Wakristo. Mgawanyo huo unatueleza mengi. Kwa macho ya kanisa la wakati ule, tofauti kubwa kati ya mhunzi na mhunzi ilikuwa dini yake. Chuma chenyewe hakijui mgawanyo huo. Hutoka katika jiwe kwa moto na kaboni ile ile, awe anayepanga makaa amebatizwa au hajabatizwa.

Sisi Walutheri tunayo sababu ya pekee ya kuwatazama wafuaji wale kwa heshima. Hans Luder, baba yake Martin Luther, alijipatia riziki katika matanuru ya shaba huko Mansfeld. Mwanamatengenezo alikulia katika nyumba iliyoishi kwa moshi wa tanuru na kwa wasiwasi wa mawe yanayokataa kutoa madini. Alipofundisha baadaye kwamba kazi ya mikono ni wito wa Mungu, alikuwa ameiona kazi hiyo nyumbani kwao.

Kazi ya malungu ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya viwandani yalipoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa kwa bei ambayo tanuru la udongo halikuweza kushindana nayo. Ujuzi haukushindwa katika moto. Ulishindwa sokoni.

Jinsi Jedwali lilivyopangwa

Wakati malungu yangali yakiwaka Ufipa, wanakemia wa Ulaya walikuwa na taabu ya namna nyingine. Elementi zilikuwa zimegunduliwa nyingi, lakini hazikuwa na utaratibu. Zilikuwa kama washarika waliosimama uwanjani kabla ya ibada, kila mmoja peke yake. Mwaka 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani, na mojawapo ya faida za mkutano huo ilikuwa kuelewana vizuri zaidi kuhusu uzito wa atomu. Kijana mmoja Mrusi, Dmitri Mendeleev, alihudhuria. Miaka michache baadaye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko St. Petersburg, akiandika kitabu cha kemia kwa ajili ya wanafunzi wake, naye alihitaji mpango wa kuzifundisha elementi 63 zilizojulikana. Jedwali lilizaliwa mwaka 1869 katika taabu ya mwalimu anayeandaa masomo.

Kanuni yake ilikuwa hii. Elementi zikipangwa kwa kufuata uzito wa atomu, kutoka nyepesi hadi nzito, tabia zake hurudia baada ya hatua fulani. Neno radidi lina maana ya kurudia jambo tena na tena, na ndiyo sababu Jedwali hili huitwa Radidia. Chukua lithiamu, ambayo ni metali laini inayopambana na maji. Hesabu hatua saba kwa orodha ya siku zile, nawe utafika kwenye sodiamu, metali laini inayopambana na maji. Hesabu tena saba, utafika kwenye potasiamu, yenye tabia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Ni kama Jumapili zinavyorudi katika kalenda ya Kanisa. Kila Jumapili ina tarehe yake, lakini zote zina hali moja, na ukiziandika moja chini ya nyingine unapata safu. Mwingereza John Newlands alikwisha kuona kurudia huko kabla ya Mendeleev, lakini alipoeleza mbele ya wenzake mwaka 1866 mmoja wao alimdhihaki kwa kumwuliza kama amejaribu kuzipanga kwa alfabeti.

Kwa nini basi Mendeleev ndiye anayekumbukwa? Newlands alijaza kila nafasi kwa elementi aliyokuwa nayo, na mpango wake ukapotoka katika elementi nzito. Mendeleev alipofika mahali ambapo hakuna elementi iliyojulikana yenye tabia inayotakiwa, hakulazimisha nyingine ikae hapo. Aliiacha nafasi wazi. Mwaka 1871 alieleza kwa urefu elementi 3 ambazo hakuna mtu aliyepata kuziona, akitaja uzito wa atomu na tabia nyingine za kila moja. Galiamu iligunduliwa mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879, na jerimaniamu mwaka 1886. Mgunduzi wa galiamu, Mfaransa Lecoq de Boisbaudran, alipotangaza kwamba mada hiyo ni nzito mara 4.7 kuliko maji, Mendeleev alimwandikia kwamba haiwezi kuwa hivyo, bali inapaswa kukaribia mara 5.9. Mfaransa alisafisha sampuli yake, akapima upya, akapata 5.9.

Mahali pengine Mendeleev aliruhusu tabia ya elementi ishinde uzito wake. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, na kwa kanuni ya uzito ingepaswa kufuata nyuma yake. Lakini iodini kwa tabia zake zote ni ndugu wa klorini na bromini. Mendeleev aliitanguliza teluriamu, akidhani kwamba uzito wake ulikuwa umepimwa vibaya. Nafasi aliyoipa ilikuwa sahihi, lakini sababu aliyoitoa haikuwa ya kweli, kwa maana vipimo havikuwa na kosa. Sababu yenyewe ilichelewa kujulikana kwa zaidi ya miaka 40.

Kundi ambalo halikuachiwa nafasi

Twapaswa kusema pia ambalo Mendeleev hakuliona. Mwaka 1868, mwaka mmoja kabla ya Jedwali lake, Mfaransa Janssen alikuwa India akitazama kupatwa kwa jua. Yeye, na baadaye katika mwaka huo Mwingereza Lockyer, waliona katika nuru ya jua mstari wa rangi ya manjano usiolingana na elementi yoyote ya duniani. Lockyer aliamini kwamba ni elementi mpya, nayo ikaitwa heliamu, kutokana na neno la Kigiriki la jua. Kwa muda wa miaka 27 heliamu ilijulikana kuwapo juani tu. Mwaka 1895 William Ramsay aliipata mjini London katika gesi iliyotoka kwenye jiwe lenye uraniamu, na mwaka huo huo Cleve na Langlet waliipata mjini Uppsala, Uswidi.

Mwaka uliotangulia, Ramsay na Rayleigh walikuwa wamegundua argoni katika hewa tunayovuta. Gesi hizi hazikushikamana na kitu chochote, na Jedwali halikuwa na mahali pake. Mendeleev mwenyewe alisita, akakisia kwamba argoni huenda ni naitrojeni ya namna nyingine. Mwaka 1898 zikafuata neoni, kriptoni na zenoni, na ndipo ilipoonekana kwamba hizi si vipande vilivyopotea, bali ni ukoo mzima. Safu nzima iliongezwa, na hatua za kurudia ambazo zilikuwa saba zikawa nane. Safu nyingine zote zilibaki kama zilivyokuwa. Mendeleev alikubali, na Jedwali likaimarika. Kwa hiyo lilikuwa na mapengo ya aina mbili, yale aliyoyajua mpangaji wake na lile ambalo hata hakujua kwamba lipo.

Kutoka Uppsala na London turudi Rukwa. Ule uhusiano wa heliamu na jiwe lenye uraniamu haukuwa wa bahati. Uraniamu na thoriamu ni elementi zinazojivunja zenyewe polepole, na kila mara hutupa nje kipande ambacho Rutherford na Royds walithibitisha, mwaka 1908, kwamba ndicho kiini cha heliamu. Miamba ya kale ya Tanzania ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na kwa muda wote huo imekuwa ikitengeneza heliamu na kuifungia ndani yake. Kule ambako Bonde la Ufa limepasuka na joto la volkeno limepanda, miamba imepashwa moto, gesi ikaachiliwa, ikapanda pamoja na naitrojeni hadi kwenye chemchemi na katika mitego ya chini ya ardhi. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu moja tu ya bonde la Rukwa ilikadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo, ambazo ni kama mita za ujazo bilioni 1.5. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula, upande wa kusini wa bonde, kilileta heliamu juu ya ardhi. Hospitali huihitaji gesi hii, kwa kuwa ikigeuzwa kimiminika, kwenye nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, hupoza sumaku za mashine zinazopiga picha za ndani ya mwili.

Mwaka huo huo wa 2016 elementi 4 za mwisho za mstari wa saba zilipewa majina rasmi, na Jedwali likafikia elementi 118 bila pengo katika mistari yake yote saba.

Sababu ya mpangilio

Mendeleev alijua kwamba elementi zinajirudia, lakini hakujua kwa nini. Sababu ilianza kuonekana mwaka 1913, pale kijana Mwingereza Henry Moseley alipopima miali ya eksirei inayotolewa na metali mbalimbali. Aligundua kwamba kila elementi ina namba yake kamili, isiyo na sehemu, nayo ni kiasi cha chaji iliyomo katika kiini cha atomu yake. Leo tunasema ni idadi ya protoni. Chuma kina 26, kobalti 27, nikeli 28. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, lakini namba yake ni ndogo, basi hutangulia. Ndivyo ilivyo pia kwa teluriamu na iodini. Kitendawili cha miaka 40 kikateguka kwa kuhesabu.

Moseley hakuishi kuona matunda yake. Aliuawa vitani huko Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Vita hiyo hiyo ilifika Kasanga, kwenye ufuko wa Ufipa, mwaka 1916. Aliyeonyesha hesabu ya atomu na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi katika nchi zetu walikumbwa na gharika moja.

Kurudia kwa tabia kulielezwa baadaye kwa mpangilio wa elektroni zinazozunguka kiini. Elektroni hukaa kwa matabaka, na tabaka la nje ndilo linaloamua elementi itashikamana na nini. Tabaka la kwanza hujaa kwa elektroni 2. Heliamu inazo 2, imejaa, haihitaji chochote, na ndiyo sababu haiungui wala haishikamani. Kwa kuhesabu elektroni za nje peke yake ingeweza kuwekwa juu ya beriliamu, ambayo nayo ina 2. Lakini imewekwa pamoja na gesi tulivu wenzake, kwa sababu ya utimilifu wa tabaka lake. Chuma kiko katikati ya Jedwali, katika jamii ya metali zenye uwezo wa kuungana na oksijeni kwa namna zaidi ya moja. Hushikamana na oksijeni vya kutosha hata kuwa jiwe na kutu, lakini si kwa nguvu kiasi cha kushinda moto wa makaa. Alumini huishika oksijeni kwa nguvu kubwa zaidi, na hakuna ilungu ambalo lingeweza kuitoa, ingawa udongo wa tanuru lenyewe umejaa alumini. Kwa maneno mengine, mfuaji wa Ufipa alifanya kazi ndani ya utaratibu ambao Jedwali lilikuja kuuandika.

Pengo na imani

Hapa ndipo historia hii inapomgusa mchungaji. Tarehe 29 Mei 1944 Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa kifungoni Tegel mjini Berlin, alimwandikia rafiki yake barua baada ya kusoma kitabu cha fizikia cha Weizsäcker. Alionya kwamba ni makosa kumtumia Mungu kama kiraka cha kuzibia mapengo ya ujuzi wetu. Mipaka ya ujuzi husogezwa mbele kila siku, na Mungu wa namna hiyo atasogezwa nayo, hadi akose mahali. Bonhoeffer alitaka tumtambue Mungu katika yale tunayoyajua, na katikati ya maisha, wala si ukingoni tu ambapo akili imechoka. Aliuawa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Fikirini kama mtu angehubiri mwaka 1871 kwamba Mungu ndiye aliye katika zile nafasi 3 za Mendeleev. Kufikia mwaka 1886 angekuwa amepoteza mahubiri yote matatu. Sifa ya Muumba haikuwa katika nafasi zilizo wazi, bali katika utaratibu uliowezesha nafasi hizo kuonekana.

Lakini katika mazingira yetu onyo la Bonhoeffer lina upande mwingine, ambao yeye hakuwa na sababu ya kuuandika. Kwetu pengo halizibwi kwa jina la Mungu peke yake. Mara nyingi huzibwa kwa jina la mtu. Jina la Sumbawanga lenyewe, kwa maelezo yanayosimuliwa na wenyeji, lina maana ya kutupa uchawi. Hata hivyo majirani wameufanya mji huo kuwa mfano wa uchawi katika mazungumzo ya nchi nzima, na tunawasihi wasomaji wetu wasiifurahie mizaha hiyo, maana ina matokeo. Mtoto akifa ghafla, radi ikipiga nyumba, biashara ikianguka, swali la kwanza huwa ni nani, kabla ya kuuliza ni nini. Nafasi ya sababu isiyojulikana haiachwi wazi. Bibi kizee wa jirani huwekwa hapo. Katika miaka ya 2000 na 2010 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika sehemu kadhaa za Tanzania, na Mkoa wa Rukwa haukusalimika. Waliowashambulia waliaminishwa kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Bahati katika uvuvi na machimbo ni pengo la ujuzi, na pengo hilo lilizibwa kwa mwili wa mtoto.

Mhubiri anayesema kila jambo lisiloelezeka ni mkono wa Mungu, na mganga anayesema ni mkono wa jirani, wanafuata kanuni moja. Wote wawili hawavumilii nafasi iliyo wazi. Ndiyo maana mahubiri ya aina ya kwanza hayawezi kumponya mtu na hofu ya aina ya pili. Yanamfundisha kuendelea kuziba, ila kwa jina jingine.

Hatusemi kwamba hofu ya uchawi ni upuuzi wa kuchekwa. Anayeogopa anaumia kweli, na mchungaji hana budi kumsikiliza, kumwombea na kukaa naye. Wala hatusemi kwamba sayansi itajibu yote. Jedwali linaeleza jinsi tanuru linavyofanya kazi, lakini halimwambii mama aliyefiwa kwa nini ni mwanawe. Kitabu cha Ayubu, katika sura ya 28, kinajua tofauti hiyo. Huanza kwa kumsifu mchimbaji anayetoa chuma katika ardhi na kuangaza giza la machimbo, kisha huuliza hekima yenyewe inapatikana wapi, na hujibu kwamba njia yake inajulikana na Mungu. Ayubu mwenyewe alikuwa na rafiki watatu ambao hawakustahimili pengo. Kila mmoja alilijaza kwa dhambi ambayo Ayubu hakuitenda, na mwishoni Mungu aliwakemea wao.

Katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518 Luther alimtofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, na alama moja ya huyu wa pili ni kuliita jambo kama lilivyo. Kuliita pengo kuwa pengo ni sehemu ya teolojia hiyo. Mchungaji asimamapo kaburini na kusema kwamba hatujui sababu ya kifo hiki, wala hatutamtwika mtu yeyote, hajashindwa kuhubiri. Amelinda uhai wa jirani, na ametunza Amri ya Tano na ya Nane kwa pamoja.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa watumishi na kwa wanafunzi wanaojiandaa. Kwanza, pale ambapo sababu inaweza kutafutwa, itafutwe. Mgonjwa apelekwe hospitali, maji yapimwe, na kinga ya radi iwekwe juu ya paa la kanisa na la shule. Kuuliza ni nini ni namna ya kuikiri Ibara ya Kwanza ya Imani, kwamba Mungu ameviumba vitu hivi na kuvipa utaratibu. Pili, pale ambapo sababu haijajulikana, nafasi iachwe wazi mbele ya watu wote, na ikabidhiwe kwa Mungu katika maombi bila kumfanya yeye kuwa jibu la haraka. Tatu, asikubaliwe mtu yeyote kuweka jina la mwanadamu katika nafasi hiyo, hata kama mwenye kulitaja ni mzee wa usharika au mfadhili wa jengo.

Wafuaji wa malungu hawakuwa na njia ya kupima unyevu wa makaa yao. Sisi tunazo njia nyingi ambazo wao hawakuwa nazo, na kwa hiyo tutadaiwa zaidi. Mwalimu wa St. Petersburg aliacha nafasi 3 wazi katika jedwali lake, akangoja miaka 15 hadi ya mwisho ikapata mwenyewe. Usharika unaoweza kungoja namna hiyo hautamtafuta mchawi.